Rangi ya Msalaba kwenye Kisanduku cha Bahati

Bahati, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, wala sitaificha kwa sababu tu jamaa wamekusanyika hapa kambini Kashojwa kumaliza matanga yako na wameniomba niwasomee barua hii. Ulitengeneza kitu ambacho kazi ya mtu mwingine ilikitegemea, kisha ukaondoka bila kuacha hata mstari mmoja wa mchoro. Kila nilipokusihi, ulinijibu vilevile: "Iko mu kichwa, Mwalimu. Karatasi haiendeshaka motokari." Sasa kichwa kiko chini ya udongo, na karatasi sina.

Unakumbuka Shemasi Elia alivyoanza kupoteza masikio. Yeye, dereva wa pikapu ya kanisa, anayewapeleka wagonjwa Mbarara, hakuusikia tena mngurumo wa injini. Alichelewa kubadili gia hadi injini ikalia kama ng'ombe aliyekwama topeni. Wazee wa kanisa wakataka arudishe ufunguo. Wewe ukakata mkebe wa mafuta ya msaada, ukaukunja kuwa kisanduku, ukatia ndani transista za redio zilizokufa na mshale wa kupimia sauti wa redio-kaseti mbovu, ukauunganisha na koili ya kuwashia injini, ili kila cheche ya plagi iusukume mshale, injini ikienda kasi nao upande. Elia akaanza kusikia kwa macho.

Wiki ile ile tuliyokuzika, mshale ukaanza kurukaruka. Elia akaufuata, akabadili gia mahali pasipofaa kwenye mwinuko wa kuelekea Endiinzi, gari likazima na mama mjamzito yumo ndani. Wazee wakaukumbuka ufunguo. Wakanipa hadi Jumapili nikitengeneze kisanduku.

Nilibadilisha kapasita mara tatu, transista mara mbili. Nilikipeleka kisanduku Mbarara kwa fundi wa umeme wa magari, akakigeuzageuza, akawaita wenzake: "Mukuje muone! Ssebo huyu ameleta mukebe ya mafuta, anasema ni mashini!" Wakacheka, nami niliyefundisha fizikia Uvira kabla ya vita nikacheka nao, kwa aibu. Kilichoniudhi zaidi ni hiki: kisanduku kikiwa juu ya boneti, waya wa hasi ya betri umebanwa ndani yake, mshale ulitulia kama mtu anayesali. Nikikifunga kwa bolti mahali pake, wazimu unarudi. Nilikutukana, Bahati. Nilikutukana kwa jina lako.

Jumamosi, nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi, nilikikumbuka kile kisu chako. Kila ulipofunga kitu kwenye gari, ulikwaruza chuma kwanza hadi king'ae, ukisema, "Tuanzie ku masa," yaani pale ambapo umeme unarudi kupitia bodi ya gari. Niliona ni mazoea tu, kama mtu anavyotemea mate viganja kabla ya kushika jembe. Nikaifungua bolti. Chini yake palikuwa na rangi ya buluu.

Asubuhi ile gari lilipokubeba kwenda makaburini, Mama Furaha na akina mama wa kanisa walikitoa kisanduku, wakakipaka pande zote rangi iliyobaki ya msalaba wako, wakaandika jina lako mbele, wakakirudisha. Mimi mwenyewe niliwashikia kopo. Fizikia yangu yote, na nilisimama pale nikishika kopo. Tulikuheshimu hadi umeme wako ukakosa njia.

Nilikwaruza. Mama Furaha, uliyeketi hapa mbele yangu, unisamehe; jina sikuligusa, nilitoa rangi ya chini tu. Elia akawasha gari, mshale ukapanda, ukatulia. Jana alikwenda Mbarara na kurudi, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Hasira yangu haijaisha. Kila swali lililonihangaisha juu ya mkebe ule ungelijibu kwa neno moja... Basi. Nimeuchora mzunguko wote, waya kwa waya, na nakuahidi kwamba kila atakayetaka kujifunza pale kijijini Misiera atapewa nakala yake. Imebaki rezista moja ambayo sijui uliiweka kwa nini. Nikiitoa, mshale haubadiliki hata kidogo. Nimeichora vilevile, na kando yake nimeweka alama ya kuuliza. Sitaitoa.

Pumzika, fundi wangu. Na kama huko uliko yupo atakayekuuliza, nakusihi, safari hii mchoree.

Mwalimu wako