Jina Lako Kwenye Simu ya Mama

Lodwar, Jumatatu

Mpenzi Josiah,

Ejok? Huko Kakuma mnaendeleaje na joto? Mbuzi wa mama amezaa mapacha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu tunatumia moja, mimi na mama.

Wiki hii chuoni tumesoma jambo lililonishangaza. Ndani ya seli kuna RNA ndogo sana iliyoshikwa na protini. Protini huitumia RNA hiyo kama kielelezo: hutafuta ujumbe wa jeni unaolingana nayo, na ikiupata, inaukata. Jeni yenyewe haiguswi. Inaendelea kusema, ila maneno yake hayafiki. Kitu kidogo hivyo, na kinanyamazisha jeni nzima.

Nikamfikiria mama. Hajui kusoma, lakini umbo la jina lako analijua kama alama ya masikio ya mbuzi wake. Jana nilimwona akifuta ujumbe wako, wa wengine akiuacha. Kumbe miezi hii mitatu hukunyamaza.

Sikumgombeza. Macho yake nayastaajabia hata sasa. Ila kwenye simu nimekubadilisha jina, unaitwa Chepkemoi. Andika.

Wako,
Akiru