Picha ya Masanja Tumboni

Mjukuu wangu Kabula,

Kuna jambo nimelificha, na ugonjwa huu wa kifua haunipi muda. Huku Makanyagio hatujambo, ila shangazi zako wamenichosha! "Kabula asipige ultrasaundi, ndiyo iliyomharibia Masanja uzazi akiwa tumboni." Baba yako mdogo kukosa watoto, kosa la mashine!

Unatokwa damu, daktari anataka kumwona mtoto aliye tumboni mwako, nawe unaniuliza mimi? Nenda leo. Mashine ile hutumia mawimbi ya sauti, siyo mionzi, na haijaonekana kuharibu viungo vya uzazi vya mtoto.

Mimi na marehemu bibi yako tulijisifu mtaa mzima wa Majengo, tulikoishi wakati ule, kwamba Masanja alipigwa picha tumboni. Tuliona aibu kusema ukweli: siku ile umeme ulikatika hospitalini, tukarudi bila kupimwa.