Bimu Mbili Zisizoonekana

Jumatatu, 6 Oktoba
Jenereta imewaka saa tatu. Kompyuta ikachukua muda wa kuchemsha chai mpaka kuamka. Bosi Hamadi anataka ramani ya sakafu ya zahanati ya Maparoni ichapwe upya, wafadhili wanaitaka. Kazi ndogo. Lakini wodi ya wazazi imetokea tupu katikati. Nguzo zipo, kuta zipo, mistari ya bimu mbili za kati, mihimili inayobeba sakafu, haipo. Nimezima, nimewasha. Haipo. Labda skrini. Mtumba wa Dubai huu, utauamini vipi?

Jumanne, 7 Oktoba
Si skrini. Nimebadili rangi ya mistari, nimeinenepesha, nimewasha matabaka yote ya mchoro. Wapi. Mwisho nikaligeuza jengo nilitazame kwa ubavu. Kumbe zipo! Zinaelea chini ya sakafu, hazikushika kitu. Nimecheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeelewa, na afadhali nisingeelewa.

Tulipokwenda kupima, watu wa Maparoni walituonyesha alama ya mafuriko, wakaomba sakafu ipande mkono mmoja zaidi. Nikaipandisha kwenye kompyuta. Mimi nimekulia Mtunda, kwenye madungu ya kulindia mpunga. Dungu ukiinua sakafu yake, boriti za chini zinapanda nayo, zimefungwa kamba. Nikadhani na kompyuta ina akili hiyo. Haina. Bimu zile sikuziunganisha na sakafu, zikabaki chini. Na ramani hutazama kutoka juu hadi kina nilichokipanga mwenyewe. Kilichozidi hapo hakichorwi.

Nimefungua faili. Nakala iliyokwenda Maparoni kwa mafundi ni hiyohiyo, bila bimu. Na zege lilishamwagwa bamvu lililopita, maji yalipojaa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwambia bosi. Akafunga mlango kwanza.

“Umemwambia nani mwingine?”

Hakuna.

“Basi nyamaza. Nondo zimo, zege limeshika. Unataka tufunge kampuni?”

Sakafu sasa inashikiliwa na mirunda, miti iliyoisimamisha wakati wa kumwaga zege. Itatolewa Alhamisi, kwenye bamvu. Maji yasipojaa sana boti kubwa haliingii kule, na mirunda inasubiriwa kwenye kazi nyingine. Wiki iliyopita Fundi Selemani, anayesimamia ujenzi, aliniletea salamu kwa barua: sakafu imepanda kimo cha mtu na zaidi, wanawake wamepata kivuli chini yake cha kupetea mpunga. Alidhani atanifurahisha.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimekokotoa kwa mkono, kwa penseli. Sakafu ile haijibebi. Nimerudia mara tatu nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea.

Jumanne, 14 Oktoba
Sijala. Naandika ukweli humu kwa kuwa hakuna anayesoma: mpaka jana nilichokiogopa zaidi ni kufukuzwa. Si wale wanawake. Kufukuzwa. Naona aibu.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeaga kwamba naumwa. Si uongo sana. Nimefika bandarini Nyamisati jua la mchana, boti la kubebea mirunda limeshaondoka. Nahodha wa boti la samaki amekubali kunichukua kesho alfajiri. Kesho! Kule hakuna simu. Naogopa maji tangu utotoni, leo hata siyafikirii. Nawafikiria wale walioko mbele yangu na nyundo zao.

Alhamisi, 16 Oktoba
Tumefika Maparoni jua limeshapanda.

Nilisikia nyundo kabla sijashuka. Mirunda minne ilikuwa chini tayari. Wanawake sita kivulini, na nyungo zao, wanazungumza. Nilipiga kelele sijui nikisema nini. Wakatoka, mmoja akirudi nyuma kuchukua ungo wake, nikamvuta mkono kwa nguvu, akanitukana.

Shikamoo sikumpa Fundi Selemani. Nilimwambia tu bimu mbili hazimo, kosa langu. Aliinua macho, akaitazama sakafu. Kisha akasema, “Mie niliona, mwanangu. Nguzo na nguzo pakubwa mno. Nikasema karatasi hiyo imetoka kwenye kompyuta, mie n'nani?”

Akawaamuru vijana wake wairudishe mirunda yote minne. Chini ya sakafu, katikati, palikuwa na ufa. Kidole changu cha mwisho kiliingia hadi kwenye ukucha. Boti la mirunda limerudi tupu.

Jumatatu, 20 Oktoba
Bosi amekuja, ametazama ule ufa. Mimi ameniambia nisirudi ofisini. Nimeitikia.

Wameanza kuvunja leo, kutokea juu. Vumbi jeupe kila mahali. Wajawazito wataendelea kupelekwa hospitali kwa mtumbwi mwaka mwingine tena, labda zaidi. Mama mmoja anayetarajia mwezi ujao alikuja kuangalia, akasimama muda mrefu ameshika kiuno.

Wanawake wa mpunga wametandika mkeka wao upande wa pili, juani. Yule niliyemvuta mkono aliniuliza nani aliyekosea. Nikamwambia, mimi. Akanitazama. Kisha akasogea kidogo, akanisukumia ungo.

Tumepeta mpaka adhuhuri.