Mzee Thadeus Alishapokea Isale

Marangu, 9 Machi 2024

Shangazi Beatha,

Shikamoo. Poleni na baridi ya huko Oslo. Sisi wazima, ila kaka Crispin amefungwa miaka mitatu kwa mikungu miwili ya ndizi mshare.

Najua ni mara yake ya tatu. Mwanzo kuku, halafu betri ya bodaboda. Lakini ndizi zilirudi zote. Baba alimpelekea Mzee Thadeus, mwenye kihamba, lile shamba la migomba alikoiba, jani la isale kuomba msamaha. Wakanywa pombe ya mbege, yakaisha. Hata wakili hatukutafuta. Kumbe kesi ilishafika mahakamani. Mzee akasema, "Nimeshapokea isale, mwacheni kijana." Hakimu akaona kupeleka isale ni kukiri kosa, tena kwa mwizi sugu.

Nilikuwa benchi la nyuma. Nilitaka kusimama niseme, nikainama kufunga kamba ya kiatu. Unanijua.

Tafadhali mpigie wakili Yuditha wa Moshi mjini, uliyesoma naye, atusaidie rufaa. Krismasi ulituhadithia kijana wa ghorofa yenu anayeiba baiskeli: akikamatwa anapewa kazi ya kufagia bustani, na mnasalimiana.

Mwanao, Salvina

Oslo, 2 Aprili 2024

Mwanangu Salvina,

Marahaba. Mimi mgongo tu unanisumbua.

Yuditha sitampigia. Yule wa baiskeli ni mtoto wa watu, na nchi yao ina nafasi ya kubembeleza wezi. Crispin ni damu yangu. Akishikwa, linalotajwa ni jina la babu yako. Mnamdekeza. Akae ndani akili imkae sawa. Wewe soma.

Shangazi yako, Beatha

Marangu, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Pole na mgongo.

Barua hii niliianza kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza naweza kukukasirikia. Kwa Kiswahili nikishaandika shikamoo, hasira inaona aibu. Leo naiacha ikae.

Aliyeibiwa amesamehe. Wewe hukuibiwa hata ndizi moja. Mwizi wa huko unaona ufagio unamtosha, wa kwenu unataka aozee ndani. Kwani sisi ni nani?

Nilikwenda kwa Yuditha mwenyewe, na Mzee Thadeus. Nilikunja na kukunjua nakala ya hukumu mpaka mzee akamwambia, "Huyu maneno anayo, yanapanda mlima tu." Yakafika. Rufaa imepokelewa, hatujui itasemaje.

Juzi nilimwona Crispin gerezani. Amekonda. Aliniuliza kama umejibu.

Nikamwambia bado.

Mwanao, Salvina