Visanduku Sita vya Chiriku

3 Machi 1991

Kwako wifi mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, umekaa kwenye cherehani yako, na Chiriku wangu yuko chini ya meza anaokota vifungo huku anaongea peke yake. Mimi sijambo, ila mafua ya safari, na mafua si ugonjwa wa kuandikia barua. Hofu yangu ni kwenu.

Wifi, kazi nimepata! Na si ya kufagia kama ulivyonitabiria. Haya, kwa kufagia nilianza, siku nne. Siku ya tano mwongozaji wa filamu, yule mkubwa wao, mzee wa kipara mwenye sauti kama mlango mbovu, akaona nimechora maua nyuma ya karatasi iliyotupwa. Yale yale niliyokuwa nakuchorea kwenye mashuka ya kutarizi. Akaniuliza, "Unaweza kuchora mtu anatoka mlangoni?" Nikachora. "Anakimbia?" Nikachora. "Anakimbia analia, nasi tunamwona kwa mgongo?" Nikamwambia, "Baba, kwa mgongo tutajuaje kama analia?" Akacheka. "Hapo ndipo kazi yako ilipo." Basi nikachora mabega.

Wao wanaita storibodi. Mimi naita visanduku. Kabla kamera haijafunguliwa, filamu nzima inachorwa kwenye karatasi, kisanduku baada ya kisanduku: kamera isimame wapi, mtu aingie upande gani, na mshale wa kuonyesha anakokwenda. Seremala akitazama anajua ajenge kuta mbili tu, maana ya tatu haitaonekana. Mimi nilidhani watu hufika tu wakaanza kulia!

Nikimaliza kuichora hii filamu nitapanga chumba, nije nimchukue Chiriku. Tangu kaka yako atutoke, kwenye dunia hii nina huyo mtoto na nina wewe. Mbusu yale masikio yake yaliyotokeza, aliyoyaiba kwangu.

Ni mimi wifi yako.

1 Aprili 1991

Kwako wifi,

Salamu zimefika. Sisi wazima, mgonjwa ni cherehani. Kwa hiyo umekwenda kote huko kuchora vikatuni? Hongera, mchoraji mkuu. Marehemu angekuwepo angecheka mpaka jino la mwisho lionekane.

Ila usidhani umegundua jambo. Mimi sijawahi kugusa kitambaa kwa mkasi kabla sijakata karatasi. Gauni nimeshalishona kichwani mteja hajavua hata viatu. Anayeanza na mkasi ni mjinga, au ni wewe siku ulipokuja kuolewa kwetu.

Chiriku mdomo haufungi. Mwanzo alikuulizia kila asubuhi. Sasa ni mara mojamoja. Halafu ile picha yako ya ukutani ililowa paa lilipovuja, sura ikaondoka yote, nimeitupa. Juzi kaniuliza, "Mama yukoje?" Nikamwambia mrefu.

Lete hivyo visanduku vyako, labda vitamfaa.

Wifi yako.

20 Aprili 1991

Wifi wangu wa pekee,

Hamjambo hapo? Cherehani imepona? Mimi mzima, vidole tu vyeusi kwa penseli, hata mkate naula mweusi.

Uliponiambia habari ya picha nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Kisha nikajiambia, wee, kazi yako ni ipi? Basi nimemchorea Chiriku filamu yake. Visanduku sita, vya siku nitakayokuja. Jumamosi ya mwisho ya Septemba, tarehe 28, hapo kituoni kwenye tangi la maji.

Cha kwanza, basi linasimama. Cha pili, mguu tu: kiatu chekundu kinakanyaga ngazi. Cha tatu, mama mzima, kilemba cha njano, mkoba begani. Cha nne, Chiriku amesimama juu ya benchi, mikono mbele. Cha tano, Chiriku anakimbia, na mshale mrefu. Cha sita, karibu sana, mama na mtoto wamekumbatiana, hakuna kingine.

Usishangae sura yangu ni duara tupu. Mwongozaji ametukataza sura. Anasema mwigizaji hajachaguliwa, ukitia sura umemfunga mikono. Mkono wangu umeshazoea hivyo, nilipojaribu kujichora nilikwama. Wewe mwambie tu, huyu ni mama. Vile vijiti vya pembeni ni wapita njia. Wapita njia hawana sura kabisa, hata waigizaji wao wakipatikana.

Mwonyeshe kila siku, wifi. Nataka siku nikishuka asiogope.

Wifi yako anayekutegemea.

2 Juni 1991

Kwako wifi,

Tuko salama. Chiriku amevishika vile visanduku kama sala. Namwuliza, "Baada ya kiatu?" Ananijibu, "Kilemba!" Namwuliza, "Baada ya kilemba?" Anapanda juu ya stuli, mikono mbele, mpaka naogopa atavunjika shingo. Jana kamwambia mteja wangu, "Wewe si mama, viatu vyako vyeusi." Mteja kanuna, nimempunguzia bei.

Nitumie kipande cha hicho kitambaa cha kilemba. Njano ziko nyingi, nataka nimfundishe ile yenyewe asije akamkimbilia mtu mwingine. Na viatu, vina kisigino au vimelala? Mtoto ananiuliza, nami sipendi kusema uongo.

Kumbe kazi zetu ni moja, wifi. Nimeanza kuielewa.

Wifi yako.

14 Septemba 1991

Wifi mpenzi,

Habari za tangu Juni? Natumaini kipande cha kitambaa kilifika na mnaendelea vizuri. Viatu vimelala, nilisahau kuandika. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaumwa, nitakwambia.

Wiki hii mwongozaji kanivuruga. Nilimchorea kisanduku cha mwisho cha filamu, mtoto anarudi nyumbani, mama yuko mlangoni, na bibi nyuma yake. Kaja na kifutio, kamfuta bibi wangu mzuri niliyemhangaikia asubuhi nzima. "Kisanduku cha mwisho hakibebi wanawake wawili," kasema. "Mtoto anamkimbilia nani? Mtazamaji asijiulize." Nikasema sawa baba. Vumbi la yule bibi nikalipuliza.

Sasa tendo zima la mvua linachorwa upya, na bila mimi haliendi. Wifi, tarehe 28 sitaweza. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba, hiyo haisogei hata dunia ipinduke. Mwambie Chiriku taratibu. Mwambie mama bado yumo ndani ya basi.

Chumba nimeshapata!

Wifi yako.

30 Septemba 1991

Kwako wifi,

Sisi hatujambo, na wewe usome hii ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Sikumwambia. Utamwelezaje mtoto wa miaka mitatu kwamba mvua ya uongo inachorwa upya? Yeye alishahesabu Jumamosi yake kwa vidole. Nikaona filamu imepangwa, nguo ziko tayari, mwigizaji hajaja. Nimeipiga mwenyewe.

Kisanduku cha kwanza. Nilimwacha kwenye benchi na mke wa fundi saa, nikasema nakwenda kununua uzi. Nikapanda basi kituo cha nyuma.

Cha pili, kiatu chekundu. Nimekinunua mtumba, kinanibana.

Cha tatu, kilemba. Kipande chako kilinisaidia, nimepata njano ile ile.

Cha nne, yuko juu ya benchi, mikono mbele. Hakukosea hata kidole.

Cha tano, mshale. Wifi, nimekaa na huyu mtoto miezi yote hiyo, sijapata kumwona akikimbia vile.

Cha sita, kanitazama karibu sana. Kanishika shavu. Akasema, "Kumbe mama ni wewe!"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ndogo, kama tundu la sindano. Sikusema. Mimba tatu zilinitoka, unajua, wewe ndiye uliyefua zile shuka. Wa nne kaniachia kaka yangu, halafu wewe unataka kumpakia kwenye basi.

Duara zako ulizoacha tupu nimezijaza kwa penseli. Sichori kama wewe, lakini pua yangu inajulikana.

Usije tarehe 12. Kisanduku cha mwisho hakibebi wanawake wawili. Si maneno yangu.

Wifi yako.

5 Oktoba 1991

Wifi wewe!

U mzima? Mimi mzima. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikaacha kucheka, nikasoma tena, nikacheka tena. Mawifi tuna utani lakini huu umevuka mpaka. Najua umenikomoa kwa sababu nimeahirisha, na ninastahili. Eti kiatu kinakubana! Mguu wako ule wa kukanyagia cherehani uingie kwenye kiatu chekundu!

Nimevichora visanduku upya, safari hii nimetia sura. Mwongozaji kapita nyuma yangu, kauliza, "Huyu nani?" Nikasema, ni mimi. Akasema, "Mbona umemchora mtu anaogopa?" Nikafuta nyusi, nikazichora tena.

Tarehe 12, saa nne asubuhi. Mwambie ajiandae kukimbia.

Wifi yako.

14 Oktoba 1991

Kwako wifi,

Natumaini ulifika salama. Ulisahau mkoba kwenye benchi, nimemkabidhi kondakta akuletee.

Sikukuficha mtoto, nilimleta mwenyewe. Nilitaka uone usije ukasema nilikudanganya. Uliposhuka ulisikia alivyosema, kituo kizima kilisikia: "Mama, tazama, yule shangazi amevaa viatu vyako!" Na ulipopiga magoti na kufungua mikono kama ulivyochora, alirudi nyuma ya gauni langu. Nikamwambia, mwamkie shangazi. Akatoa kichwa, akasema, "Shikamoo."

Nawe ukaitika marahaba.

Mimi nilikuwa nasubiri upige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa kofi, hata kwa watu kujaa. Ulikuwa na lile tundu la sindano, wifi, kama langu. Ukaitika marahaba, ukapanda basi lile lile.

Ukienda kwa wakubwa watamwita mtoto wamwulize, mama yako nani? Umeona kidole chake kinaelekea wapi.

Mimi si katili. Ukitaka kuandika, mwandikie. Lakini atasomewa barua ya shangazi yake. Itakayokuja na neno jingine nitawashia jiko.

Wifi yako.

27 Oktoba 1991

Kwako Chiriku,

Hujambo? Umeamkaje? Bado unaokota vifungo, au sasa unavipanga kwa rangi? Mimi sijambo. Mafua yamepona siku nyingi.

Siku ile uliponiamkia, njia nzima kwenye basi nilijiuliza kwa nini niliitika. Nitakwambia wewe. Sauti yako ilikuwa karibu mno, na nilikuwa sijaisikia muda mrefu. Nilitaka uendelee kusema, neno lolote lile. Nikaitika ili useme jingine. Hukusema, lakini si kosa lako, ulikuwa umeona haya.

Filamu imekwisha kuchorwa. Ninakaa kwenye chumba chenye dirisha la upande wa jua. Ukutani nimepigilia ndoano mbili za nguo, moja ya juu na moja ya chini, chini sana, mtu mfupi anafika bila stuli.

Nimekuchorea kisanduku kimoja tu. Huyo juu ya benchi ni wewe. Huyo mwenye kilemba cha njano ni aliyekushika mkono, nimemchora vizuri, na pua yake sikuikosea. Na huku pembeni kabisa, karibu na tangi la maji, kuna mpita njia.

Wapita njia hatuwachori sura, ndivyo nilivyofundishwa. Huyu nimemchorea. Nimemchora hajafunga kitambaa kichwani, masikio yote mawili yako nje. Yametokeza kidogo. Ukikua, ukifika urefu wa kujitazama kwenye kile kioo cha wateja, mweke huyo mpita njia pembeni ya uso wako, utazame.

Hakuna haraka. Mshale sikumwekea. Haendi popote.

Ni mimi,
shangazi yako.