Uzi Juu ya Vigae

Jumatatu, 4 Mei

Asubuhi ya ukungu mwepesi, kisha jua likatokeza ghafla. Baridi ya kuvaa sweta, si ya kulalamikia.

Kipindi cha kwanza nilipanga desimali. Niliingia darasa la sita na chaki mkononi, nikakuta mwanga umelala sakafuni. Mbao mbili za dirisha la nyuma hazikutani vizuri, na kwenye ule mwanya jua lilikuwa limepenya likachora mstari mmoja mwembamba, mshazari, juu ya vigae. Vumbi likielea ndani yake, polepole, kama halina pa kwenda.

Nikasimama nikiutazama. Darasa zima likanyamaza — walidhani nimeona nyoka.

Nikauliza tu, kama mtu anayeongea peke yake: huu mwanga umepita vigae vingapi?

Wakahesabu. Saba! Nane! Wewe huoni, ni sita! Kelele mpaka mwalimu wa jirani akachungulia mlangoni. Kuna msichana ninayemwita Kasuku moyoni mwangu, maana mdomo wake haujui kupumzika. Akasema, "Mwalimu, ukipita pembeni tu, ukikigusa kidogo hivi, kigae kinahesabiwa au kinasamehewa?" Swali zuri kuliko yote niliyoandaa mwaka huu. Tukakubaliana: lazima mstari uingie ndani. Kugusa hakuhesabiwi.

Tulipokubaliana, jua lilikuwa limeshahama. Mstari haupo! Desimali zilirudi nyumbani kwenye mkoba kama zilivyotoka.

Jioni nilimwomba wifi uzi. Ni mke wa kaka yangu, fundi cherehani, na mimi naishi kwao chumba cha nyuma. Akanitazama juu ya miwani. "Uzi wa kumfunga nani? Kama ni mwanaume, chukua rola nzima." Nikamwambia ni wa hesabu. "Basi chukua kipande," akasema.

Jumanne, 5 Mei

Mawingu. Mwanga haukuja, lakini uzi ulikuwepo.

Tulichora kwa chaki mistatili juu ya vigae vya sakafu. Vigae vitatu kwa vitano. Mmoja anashika uzi kona hii, mwingine kona ya mkabala, wanauvuta mpaka unakaza. Swali la wiki nzima ni moja tu: nikikuambia vigae vya urefu na vya upana, unaweza kuniambia uzi utakata vingapi bila kuuvuta?

Tumejiwekea utaratibu. Aliyekwama anaweka penseli sikioni. Maana yake: nimekwama, lakini usiniambie! Nilidhani watacheza nao. Wameuchukua kwa uzito kama kiapo. Leo kulikuwa na wakati niliona penseli ishirini masikioni — kama karakana ya maseremala, wote wanafikiri.

Tatu kwa tano, saba. Mbili kwa tatu, nne. Nne kwa saba, kumi. Mvulana mmoja mrefu wa nyuma akaruka: "Jumlisha, toa moja!" Wakajaribu tano kwa sita. Kumi. Kweli! Wakapiga makofi wenyewe. Nami nikapiga. Nikaiandika kanuni yao kwa chaki nyekundu kona ya ubao: jumlisha, toa moja. Ilivyokaa pale, ilipendeza.

Kuna mmoja hakupiga makofi. Msichana mdogo wa dawati la pili. Wenzake wanamwita Kifutio. Kila anachoandika anakifuta, mpaka karatasi inatoboka. Tangu Januari sijawahi kuona hata jibu moja lake kamili. Leo aliandika namba tatu, hakuzifuta. Nilipita kwa mbali, nisimshtue.

Mwalimu wa taaluma alinisubiri koridoni. Yeye ndiye anayesimamia masomo na mitihani ya shule yote. Anaongea taratibu, halafu ananyamaza, halafu ndipo anasema alilokuja kusema. Darasa langu liko nyuma kwa mada mbili, darasa la sita la pili limemaliza desimali. Alhamisi yeye na mwalimu mkuu watakuja kukaa nyuma ya darasa langu. Wasiporidhika, hesabu za darasa la sita atazichukua yeye. Mimi nitahamia maktaba.

Sijapita chuo cha ualimu. Nina cheti cha sekondari na mkataba wa muda. Hawahitaji hata kunieleza sababu.

Jumatano, 6 Mei

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri.

Nimeota. Nilikuwa natembea juu ya sakafu isiyo na ukuta, vigae vyeupe mpaka upeo wa macho, na uzi mmoja mwekundu ukinitangulia. Kila nilipoufikia ulipiga hatua. Sikuogopa. Nilisikitika tu nilipoamka.

Shuleni ilikuwa siku ya mazoezi ya michezo, hakuna hesabu. Nimekaa ofisini nikiandaa kesho. Lengo nimeliandika vizuri: ifikapo mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kutumia kanuni ya "jumlisha, toa moja" katika maswali matano. Lengo la aina anayoipenda mwalimu wa taaluma. Linapimika.

Wifi: "Leo umekoroga chai mara mbili na sukari hujaweka."

Alhamisi, 7 Mei

Jua safi, anga imeoshwa na mvua ya jana.

Walikuja. Mwalimu mkuu aliketi kwenye dawati la nyuma, magoti yakigonga ubao wa chini, lakini akatabasamu. Mama mzito, mpole, huwa anasikiliza kichwa kimeinama. Mwalimu wa taaluma alibaki wima ukutani na kalamu yake.

Nikaanza kama nilivyoandika. Kanuni iko ubaoni. Nikawagawia mistatili mitano ya kuchora kwenye karatasi ya miraba: watabiri kwanza, kisha wahakikishe kwa rula. Dakika kumi hivi mambo yalikwenda kama maji. Nilimwona mwalimu wa taaluma akitikisa kichwa kwa kuridhika — nami nikaanza kuota mchana kweupe, kwamba darasa ni langu.

Kisha nikaona mkono wa Kifutio unakwenda kwenye raba.

Nikainama kwake. Nne kwa sita. Alikuwa ametabiri tisa, akapiga mstari, akahesabu nane. Akaninong'oneza kwamba amekosea, anafuta. Na mimi — naandika ukweli hapa, hakuna anayesoma — na mimi nilijua amekosea. Nilimwambia ahesabu tena, kwa sauti ile ya upole ya mtu anayejua jibu. Akahesabu. Nane. Nikahesabu mimi, ncha ya kalamu kigae kwa kigae. Nane!

Nikahisi sakafu imeinama kidogo.

Mwalimu wa taaluma akasema kutoka ukutani, si kwa ubaya: "Amechora vibaya huyo. Rula imeteleza. Endelea, mwalimu, muda."

Ningeweza kuendelea. Yangebaki maswali mawili, kengele, na kila kitu kingekuwa salama. Kifutio alikuwa ananitazama, raba hewani.

Nikamwomba asifute. Nikaenda ubaoni, nikachora nne kwa sita kubwa, nikapiga ulalo, kona hadi kona. Wakahesabu pamoja kwa sauti. Walipofika nane wakaacha, wakasubiri ya tisa. Haikuja.

Kasuku peke yake: "Eh! Kanuni imekufa."

Mvulana mrefu aliyeipata akasema haiwezekani, alijaribu mara nne! Akageukia kwangu: "Mwalimu, kwa nini?"

Nikasema sijui.

Nilisikia neno hilo likipita chumbani hadi ukuta wa nyuma. Sijui. Nimelisema mbele ya mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma, darasani kwangu, na chaki mkononi. Sikujaribu hata kulipaka rangi.

Na hapo ndipo penseli zilianza kwenda masikioni. Moja, mbili, safu nzima, darasa zima. Hakuna aliyeongea. Walikaa wakitazama ubao kama watu wanaotazama moto. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Hakikuwa kitupu, kilikuwa kimejaa, kama mtungi unaobebwa na mtu makini. Nje kuna mtu alikuwa anafyeka nyasi, na hata huko kulikuwa mbali sana.

Mwalimu wa taaluma aliandika kitu. Baadaye nilikiona: "Wanafunzi hawaandiki. Penseli zimewekwa masikioni."

Kengele ikalia. Hakuna aliyesimama! Kisha wakasimama wote, wakaenda mapumziko wakibishana, Kifutio katikati yao, ameshika karatasi yake kwa mikono miwili kama sinia.

Ofisini hakukuwa na ukali. Ningependelea ukali. Mwalimu wa taaluma alisema kipindi hakina hitimisho. Nimewafundisha kanuni ya uongo, nikaivunja, nikawaacha hivyo hivyo. Mwaka juzi, akasema, na sauti ikashuka, alikuwa na darasa alilolipenda, walibishana vizuri, wakacheka, mada hazikuisha. Walifeli. Anawaona mitaani mpaka leo. "Mtihani hautawauliza walifikiri nini, dada yangu. Utawauliza jibu."

Mwalimu mkuu alisema tu atalala nalo, alifikirie kwanza.

Ijumaa, 8 Mei

Mawingu mepesi. Mwalimu mkuu hajasema kitu. Nilifundisha desimali ubaoni, wakanakili. Waliandika vizuri, mistari imenyooka.

Walipokuwa wanatoka Kasuku alinivuta mkono. Amegundua sita kwa tisa inatoa kumi na mbili, "siyo kumi na nne kama ulivyotudanganya." Nikamwambia sikuwadanganya, nilidanganyika. Akafikiri. "Ni sawa tu," akasema, "maana tuko wengi."

Jumamosi, 9 Mei

Joto, upepo hakuna.

Kaka yuko kazini, wifi ana nguo za arusi ya watu. Nimelala chali sakafuni chumbani mchana, madirisha wazi, nikisikiliza cherehani. Inakwenda, inasita, inakwenda. Karatasi za miraba zimenizunguka kama majani.

Sikuwa nafikiri. Labda nilikuwa nusu usingizini. Niliona uzi unatembea wenyewe, unavuka mpaka, unaingia kigae kipya. Unavuka mpaka, kigae kipya. Kila mpaka, kigae kimoja. Ndiyo maana tunajumlisha! Kisha ukafika pale ambapo mipaka miwili inakutana, kwenye kona kabisa, ukapita katikati ya kona — mipaka miwili kwa mpigo, kigae kipya kimoja tu. Kimoja kimepotea pale.

Nikakaa. Nne kwa sita: kuna kona moja njiani, katikati. Sita kwa tisa: kona mbili. Tano kwa tano — mraba! Kwa nini hatukujaribu hata mraba mmoja? — uzi unapita kona tupu, vigae vitano. Namba zangu za Jumanne zote zilikuwa zile zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya moja. Nilizichagua bila kujua, kama mtu anayechuma maua na kuyapata yote ya rangi moja.

Ile moja ya kutoa, ukiijumlisha na kona za njiani, ndiyo namba kubwa inayozigawa zote mbili. Jumlisha, toa kigawo kikubwa cha shirika! Tulikisoma Februari, wakakinakili, wakakisahau.

Nilicheka peke yangu. Wifi akaita kutoka sebuleni: "Kuna mtu humo?" Nikasema hayupo. "Pole," akasema.

Nimefurahi mpaka jioni. Halafu, nikiwa naosha vyombo, furaha ikageuka upande. Sasa najua. Jumatatu sitaweza tena kusema sijui.

Jumapili, 10 Mei

Asubuhi angavu, jioni ya mawingu mazito yasiyonyesha.

Mwalimu mkuu alipiga simu baada ya chakula cha mchana. Alianza kwa kuuliza kuhusu nyumbani, kaka hajambo, wifi hajambo. Kisha akasema amelala nalo siku tatu. Ananipa kesho, kipindi kimoja. Mwalimu wa taaluma atakaa nyuma tena. Anachotaka mwalimu huyo ni kuona kanuni sahihi ubaoni kabla ya kengele. Ikiwepo, darasa ni langu mpaka Desemba. Isipokuwepo, Jumanne nafungua maktaba.

Nikamuuliza: lazima niiandike mimi?

Akasema hilo hakumuuliza mwenzake, na nisimtume arudi kumuuliza.

Kwa hiyo. Kanuni ninayo. Inaandikwa kwa chaki moja, dakika moja. Dakika thelathini na tisa zinabaki za mazoezi. Wangepata yote. Mwalimu wa taaluma angeitikia kwa kichwa, naye si mtu mbaya, ana haki ya kulala usingizi. Au nawaacha wavute uzi, nao wako karibu, nahisi wako karibu — Kasuku ana sita kwa tisa yake — lakini karibu ni neno pana. Wanaweza kufika baada ya kengele. Wanaweza kufika Alhamisi, kwa mwalimu mwingine ambaye hatauliza.

Wifi alisimama mlangoni akila tufaha, akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. "Sasa ukiwaambia watakufa?" Hapana. "Usipowaambia watakufa?" Hapana. "Basi mimi sioni msiba uko wapi, wifi yangu. Lakini uso wako naona." Akanipa nusu ya tufaha.

Nimeandika andalio la somo la kesho. Utangulizi: mraba wa tano kwa tano, uzi, swali moja. Sehemu ya kati: wachague mistatili wenyewe, wapange iliyotii kanuni ya zamani upande huu na iliyokataa upande ule. Safu ya kazi za wanafunzi imejaa yote. Safu ya kazi za mwalimu nimeijaza mpaka dakika ya ishirini na tano. Kuanzia hapo hadi kengele ilibaki nyeupe, nami nikaitazama kwa muda mrefu, kalamu mkononi.

Saa tatu na robo nikazima taa. Nililala macho wazi. Saa tatu na nusu nikawasha tena, nikaandika kwenye ile nafasi nyeupe, kazi ya mwalimu: kunyamaza.

Mwandiko unasomeka. Saa nne kasoro dakika kumi. Nalala.