Sufuria ndani ya ngazi

Mwenzangu uko wapi? Acha unachofanya usome hapa.

Si unazijua zile ngazi za mawe nje kwa mama? Zile alizojenga shemeji, akakataa fundi asiguse, eti "jiwe ni jiwe tu." Ndizo zilizomwangusha mama juzi mguu ukateguka.

Leo mama kaita fundi azivunje, azijenge upya. Fundi kagusa jiwe la kwanza kwa MKONO, likatoka kama kifuniko. Mchanga mtupu! Na shemeji kasimama pembeni anaelekeza: "Taratibu, hiyo ni kazi ya kitaalamu." Mtaalamu!

Sasa ngazi ya chini. Fundi kavuta, ikatoka sufuria. SUFURIA, mwenzangu. Ile kubwa ya mama ya shughuli, saruji imegandia ndani kama keki.

Yaani mtaalamu wetu alikorogea humo, ikamgandia yote, akaifukia na kupanga mawe juu!

Na mama kamnunia jirani tangu mwaka juzi kwa sufuria hiyo hiyo. Jirani aliiazima, akaapa kairudisha, mama akamwita mwizi mbele ya watu. Shemeji alikuwepo, anatikisa kichwa kwa masikitiko. MASIKITIKO!

Mama kakaa juu ya rundo la mawe. Shemeji akanong'ona, "Fundi, fukia haraka."

Sauti ikatoka kwenye ukuta wa mpakani. Jirani, kaegemea na kikombe chake cha chai, sijui tangu saa ngapi.

"Usifukie, fundi. Nipe niioshe, nimrudishie mwenyewe."